Kuhesabu taka Salenda: shajara ya mradi, kaskazi mpaka kusi

Jumamosi, 13 Januari 2024. Bamvua, siku ambazo maji hupanda na kushuka sana. Maji yamekupwa saa 5 kasoro.

Tumeanza, ingawa nusu saa ya kwanza imepotea tukitafuta futi kamba ambayo muda wote ilikuwa mfukoni mwa Mwalimu.

Tuko watano. Mimi natunza maabara ya shule ya sekondari. Mwalimu anafundisha jiografia shuleni hapohapo. Yupo binti anayesomea sayansi za bahari Chuo Kikuu, na vijana wawili wa makopo wanaozunguka Upanga yote na toroli kuokota chupa. Wa sita ni Babu, ambaye hatukumwalika. Alivua kwa ngalawa tangu kijana mpaka macho yalipomgomea, na siku hizi huja Ocean Road asubuhi kukaa chini ya mivinje. Alitukuta tunafunga kamba kwenye mti, akauliza tunamfunga nani.

Swali letu ni moja: taka zinazojaa huu ufukwe wa Dar es Salaam zinatoka wapi? Ukiuliza darasani, majibu yako tayari. Wengine watasema meli zinazosubiri kuingia bandarini, wengine watasema watu wanaokuja Jumapili kupunga upepo na kula mihogo. Mimi mwenyewe nimesema hivyo kwa miaka.

Tumepima vipande viwili vya ufukwe, kila kimoja mita 100. Kimoja kiko huku Ocean Road, kusini mwa mlango wa mto Msimbazi. Kingine kiko ng'ambo, upande wa Oysterbay. Katikati yake ndipo mto unapomwaga maji baharini, baada ya kushuka kutoka vilima vya Pugu, kupita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, mpaka kwenye mikoko ya Salenda, penye daraja la zamani. Mbele yake kuna daraja jipya la Tanzanite, lililofunguliwa 2022, ambalo limekatiza juu ya maji yenyewe. Kwa hiyo aliye garini anaweza kuona vipande vyetu vyote viwili kwa dakika moja, kama hakuna foleni.

Utaratibu ni kila bamvua, saa ya maji kupwa. Tunaanza kwenye mstari wa mwani, pale maji makubwa yanapoacha majani makavu, tunashuka mpaka maji yalipo. Kila kitu kinachozidi ukubwa wa kifuniko cha soda kinaokotwa, kinahesabiwa, kisha kinaning'inizwa kwenye mizani.

Ocean Road tumejaza viroba vitatu na nusu. Oysterbay kimoja, na hakikujaa.

Babu alikuwa anatuangalia tu. Tulipomaliza akauliza, "Sasa nyinyi mnahesabu taka au mnahesabu kaskazi?"

Tulicheka, maana kaskazi ni upepo wa msimu huu. Naandika kwa sababu binti amesema shajara haichagui.

Jumamosi, 27 Januari. Bamvua.

Leo nimejifunza kitu kwenye ndoo.

Tulipomaliza kuhesabu kipande cha Ocean Road, Mwalimu alishangaa: vifuniko vya chupa 212, chupa zenyewe 31. Kila kifuniko kilizaliwa na chupa yake. Chupa 181 ziko wapi?

Jibu la kwanza walilitoa vijana wa makopo bila hata kufikiri. Chupa ina bei, kifuniko kitupu hakina. Wao na wenzao wanazichukua huku juu kabla hazijafika baharini, na kifuniko kilicholegea kinabaki kwenye mtaro. Basi, nikadhani yameisha. Binti akachota ndoo ya maji ya bahari, akakata kipande cha chupa ya maji kwa mkasi, akakitumbukiza. Kilizama taratibu kama jani la chai, kikalala chini. Akatupia kifuniko. Kikaelea. Akatupia kipande cha mfuko laini. Kikaelea. Kifuko cha ubuyu kikaelea.

Plastiki ya chupa ya maji ni nzito kuliko maji ya bahari. Ya kifuniko na ya mfuko ni nyepesi. Chupa inaelea kwa sababu imefungwa na ina hewa ndani. Ikipoteza kifuniko inajaa maji, inashuka. Maana yake ni kwamba tunachokiona ufukweni ni zile taka tu zinazojua kuelea. Nyingine ziko chini, kwenye tope la mlango wa mto au mbele zaidi, na hatuna namna ya kuzihesabu kwa viroba.

Kuna alama nyingine alituonyesha. Chupa iliyokaa baharini miezi mingi huota: vijidude vyenye magamba vinajibandika, plastiki inapauka na kuwa kama imepigwa msasa. Katika zile 31, mbili ndizo zilizokuwa hivyo, na moja ilikuwa na maandishi ya lugha ambayo hakuna aliyeweza kuisoma. Hizo zimesafiri. Zilizobaki zinang'aa, lebo bado iko, na ile lebo ni ya maji yanayouzwa kwenye foleni za Magomeni. Hapo hadithi ya meli imeanza kunitoka.

Vitu vingine vya leo, kwa wanaopenda orodha: ndala za mguu mmoja (daima za mguu mmoja, sijui wa pili huenda wapi), pampasi, vipande vya wavu wa nailoni, na rasta. Rasta ni balaa. Zinajisokota na majani ya bahari mpaka huwezi kutenganisha, unapima uzito wa nywele bandia na mwani kwa pamoja.

Jumamosi, 10 Februari.

Siku mbaya. Nilileta kipimajoto cha maabara ili tuanze kuandika joto la maji. Nikasoma nyuzi 33, nikamwonyesha kila mtu, nikaanza kuhutubia juu ya mabadiliko ya tabianchi. Binti akanisubiri nimalize, kisha akasema kwa heshima, "Mjomba, hapo umepima kidimbwi." Kweli. Maji yalikuwa yamenaswa kwenye mwamba tangu alfajiri, jua limeyachemsha. Tulipoingia mpaka kiunoni tukapata 29 na nusu, ambayo ndiyo hali ya kawaida ya kaskazi hapa kwetu. Kuanzia leo joto linapimwa maji yakiwa yamejaa, kipimo kikiwa ndani ya maji, mtu asimame kwa dakika mbili bila kuhutubia.

Ocean Road viroba vinne. Oysterbay kimoja.

Jumamosi, 24 Februari. Bamvua la mwezi mpevu.

Leo hatukuhesabu ufukwe. Tuliingia kwenye mikoko ya Salenda, upande wa juu wa daraja la zamani.

Mingi hapa ni michu, ile inayochomoza mizizi ya kupumulia juu ya tope kama penseli zilizochomekwa. Penseli hizo ndizo zinazonasa kila kitu. Mfuko unaokuja na maji ukigusa, umekwama. Maji yakikupwa unalala juu ya mizizi kama blanketi. Mchu unavuta hewa kwa mizizi hiyo kwa sababu tope la chini halina hewa. Ukitaka ushahidi, ingiza mguu: chini ya vidole viwili vya udongo wa kahawia ni weusi mtupu, na harufu ya mayai viza inapanda mpaka kooni. Tuliona miche ambayo imefunikwa kabisa. Mingine ilikuwa hai, mingine imeshakauka.

Tulichimba shimo moja kwa beleshi, kina cha goti. Wazo lilikuwa la Mwalimu. Serikali ilipiga marufuku pombe kali za vifuko vya plastiki, zile zilizoitwa viroba, tarehe 1 Machi 2017, na mifuko ya plastiki, marambo, tarehe 1 Juni 2019. Akasema tope ni kalenda: tukikuta viroba na marambo chini, na juu yake hakuna, tutajua kiasi gani cha tope kimekuja tangu marufuku.

Juu kabisa tulikuta vifungashio laini vya siku hizi na chupa mbili. Kiganja kimoja chini, pampasi. Chini yake, mfuko wa rambo wa bluu, rangi yake kama umetoka dukani jana. Na karibu na goti, kiroba. Nilikisafisha kwa kidole. Maandishi yote yalisomeka, hata ile sehemu ya kuchania pembeni. Kimekaa gizani pengine karibu miaka 7 na hakijapoteza herufi. Ufukweni, kwenye jua, plastiki kama hiyo ingekuwa imeshavunjikavunjika vipande ambavyo jicho halivioni. Kijana mdogo wa makopo, ambaye wakati viroba vinauzwa alikuwa darasa la nne, aliuliza kilikuwa kinauzwaje. Babu alijua bei zote. Hatukumhoji zaidi.

Nilikuwa tayari kuandika kwamba kalenda ya Mwalimu imethibitika. Binti akatuonyesha matundu ya kaa. Kaa wanachimba, wanapandisha tope la chini juu na kushusha la juu chini, na mafuriko ya mto hukwangua sehemu moja na kujaza nyingine. Rambo letu huenda liliingizwa na kaa mwaka jana. Shimo moja haliwi kalenda. Tumekubaliana kuwa kiroba ni kiroba: kilikuwa dukani, kikafika hapa, na hakijaondoka.

Cha kuchekesha ni kwamba kiroba hicho tumekitia kwenye kiroba.

Jumanne, 12 Machi.

Mfungo wa kwanza wa Ramadhani, na bamvua kubwa. Mwezi wa tatu na wa tisa ndiyo maji ya Dar hupanda na kushuka zaidi, kwa sababu jua liko juu ya ikweta. Nilipita jioni nikitoka kazini, saa 10 na nusu. Mawimbi yalikuwa yanapiga ukuta wa Barabara ya Barack Obama, ndiyo Ocean Road yenyewe, na kurusha mchanga mpaka njia ya waenda kwa miguu. Mstari wetu wa mwani, ule tuliouwekea alama ya rangi mwezi Januari, ulikuwa ndani ya maji. Mwenye kutaka kujua bahari inavyoweza kula nchi kavu aende Kunduchi, akawaulize wenyeji ilipokuwa hoteli ya Africana.

Kuhesabu tumesogeza hadi baada ya Idi, waliofunga wapumzike. Wakati huohuo tunashona kizuizi.

Jumamosi, 13 Aprili.

Kizuizi kimekwenda na maji.

Nieleze. Badala ya kusubiri taka ufukweni, tulitaka kuzikamata kwenye mtaro mmoja wa maji ya mvua unaotoka mjini na kumwaga karibu na kipande chetu cha kusini. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa alitukubalia kwa mdomo. Ofisi moja ya juu yake ilitaka barua, tukapeleka, ikataka nakala ya barua, tukapeleka, mara ya tatu tukaambiwa faili halionekani, tuandike upya. Tukaendelea na ruhusa ya mdomo.

Kizuizi chenyewe kilikuwa madumu ya lita 20 yaliyofungwa kwa kamba, na chini yake wavu wa zamani wa Babu ukigusa sakafu ya mtaro. Tulikifunga moja kwa moja, ukuta kwa ukuta. Kilipendeza. Tulipiga picha.

Jana usiku ilinyesha. Leo asubuhi ikanyesha tena, mvua za mwaka huu hazina adabu. Tulikuwa tumesimama juu ya ukingo tukiangalia. Dakika za kwanza maji yalikuja meusi, yamebeba kila kitu: makopo, vifuko, mabaki ya nyanya, ndala, godoro nusu. Binti anasema mvua hufanya hivyo, maji ya mwanzo ndiyo yanayofagia mji, yanayofuata ni maji tu. Wavu ulijaa ndani ya muda usiozidi wa kunywa kikombe cha chai. Ulipojaa haukuwa wavu tena, ulikuwa ukuta. Maji yakapanda nyuma yake, madumu yakaanza kulia, kamba ya kushoto ikakatika kwa mlio kama wa bunduki, na mzigo wote ukaenda baharini kwa mkupuo mmoja.

Kijana mkubwa wa makopo alisema, "Tumeisaidia mvua kazi."

Babu hakusema kitu kuhusu wavu wake. Alichosema ni kwamba mkondo haupingwi kifua wazi, hupewa bega. Nilidhani ni methali. Kumbe alikuwa anatoa maelekezo ya ufundi: kizuizi kilazwe mshazari, mwisho mmoja uwe mbele na mwingine nyuma, ili taka ziteleze kandokando yake zikusanyike ukingoni ambapo mtu anaweza kuzichota. Na wavu usifike chini. Shibiri mbili tu za juu, penye taka zinazoelea. Maji yapite chini yake.

Jumamosi, 20 Aprili. Mbudya.

Nilikuwa nimewaahidi safari, nikatimiza. Boti kutoka Kunduchi, kiingilio cha hifadhi tukalipa. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini zimetengwa kisheria tangu 1975, jambo ambalo wengi wanaokwenda kula samaki pale hawalijui.

Maji ya karibu na bara yalikuwa rangi ya chai ya maziwa kwa ajili ya mvua. Tulipokaribia kisiwa yakaanza kufunguka. Nilivaa miwani, nikainamisha uso.

Sikutegemea. Marijani ya matawi yaliyokuwa chini yangu yalikuwa meupe, weupe wa mfupa uliopikwa supu. Si yote, ya mviringo makubwa mengi yalikuwa bado na rangi yake ya udongo. Machache yalikuwa na rangi ya zambarau hafifu inayong'aa, ambayo mtu asiyejua angeisifia. Samaki wadogo wa mistari walikuwa wanaingia na kutoka kama kawaida.

Binti alitueleza botini. Ndani ya nyama ya marijani kunaishi mwani mdogo sana, ambao ndio unaomlisha mwenyeji wake na ndio unaompa rangi. Maji yakizidi joto la mwezi wake wa joto kali kwa nyuzi 1 hivi, na yakakaa hivyo wiki kadhaa, mwenyeji na mgeni wanakosana na mwani unatoka. Marijani bado hajafa, ana njaa. Maji yakipoa mapema atapona. Jumatatu iliyopita shirika la bahari na anga la Marekani, NOAA, lilitangaza kwamba marijani ya dunia yanapauka kwa mara ya nne kwa upana huu, na Tanzania imetajwa.

Babu alikumbuka 1998, mwaka wa El Nino. Anasema wakati ule walidhani ni dawa imemwagwa. Halafu akaongeza kuwa kabla ya hapo kulikuwa na baruti, na kwamba baruti haipaushi, inasaga.

Nimerudi na neno moja la kujionya. Wakati wa kurudi, Mwalimu alianza kusema, "Mnaona taka zinavyoua marijani?" Hapana. Taka tulizonazo Salenda hazikuyapausha marijani ya Mbudya. Hilo limefanywa na joto, na kizuizi cha madumu hakilizuii. Maji ya chai ya maziwa yanayowazibia mwanga, hayo ndiyo yanatuhusu. Tukichanganya haya mawili tutawadanganya wanafunzi, na siku wakigundua hawatatuamini tena hata kwenye lililo kweli.

Jumapili, 5 Mei.

Kimbunga Hidaya. Tangu Ijumaa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ilikuwa inatangaza kila saa chache, na jana kikaishia kisiwa cha Mafia kikiwa kimepungua nguvu. Upanga tulipata upepo na mvua, miti miwili imelala mtaani kwetu.

Nilikwenda leo kuangalia alama za maji nikitegemea maafa. Bahari ilikuwa imechafuka, lakini haikufika alama ya Machi. Babu alikuwa amekaa palepale chini ya mivinje. "Maji mafu," akasema, kabla sijauliza, yaani siku za mwezi nusu ambazo maji hayapandi sana. Nikahesabu: mwezi ulikuwa nusu tarehe 1. Upepo ule ule ungekuja wiki moja baadaye, na bamvua la mwezi mwandamo, ungekuta maji yamejaa mpaka juu yakisubiri kusukumwa. Hakuna mtu niliyemsikia redioni akilisema hili.

Jumamosi, 11 Mei.

Kizuizi cha pili kiko mtaroni, mshazari, wavu shibiri mbili. Mvua ilikuja juzi usiku nacho kikakaa. Taka ziliteleza kama Babu alivyosema, zikajikusanya kona ya kulia. Vijana wamechota viroba vinane kutoka mtaro mmoja, mvua moja.

Nilimwaga kimoja tukakipanga. Vifuniko, vifuko vya ubuyu na karanga, rasta, pampasi, ndala. Ni orodha ileile ya Januari ufukweni, kwa mpangilio uleule, isipokuwa kilichoota magamba hakipo hata kimoja.

Jumamosi, 8 Juni. Kusi.

Ocean Road leo: nusu kiroba.

Nilihesabu mara mbili. Mchanga ulikuwa mweupe, mtu angeweza kutandika mkeka. Bahati mbaya au nzuri, ndiyo siku ambayo kiongozi mmoja alipita na watu wake, akatuona na fulana zetu, akatupongeza. Akapigwa picha na mizani yetu. Akasema toka viroba vinne mpaka nusu ni mafanikio ya kuigwa, ametaka tumwandikie kwa tarakimu. Mwalimu alikuwa ameshatoa kalamu.

Nikaangalia kwa Babu. Alikuwa anatazama baharini, kofia imepinda kwa upepo unaotoka kusini.

Tukavuka kwenda kipande cha Oysterbay. Viroba vitatu na robo, na bado kulikuwa na rasta zimejisokota kwenye miamba ambazo hatukuweza kuzing'oa.

Jumamosi, 6 Julai. Maji yamekupwa saa 4.

Jana usiku nilitandaza karatasi zote mezani. Tangu Januari hadi Machi, kaskazi inapuliza kutoka baharini kuja Upanga, na kipande cha kusini kinajaa. Mwezi wa nne upepo unageuka. Kusi inashika, mkondo wa kuelekea kaskazini unapata kasi, na kile ambacho mto na mitaro inatoa kinapelekwa ng'ambo ya pili. Ukijumlisha vipande viwili pamoja, hakuna kilichopungua cha kusema. Miezi sita, watu sita, tumepima mwelekeo wa upepo kwa mizani ya kuning'iniza.

Nimemwambia Babu kwamba alituambia siku ya kwanza. Akasema hakumbuki, ila inawezekana.

Kiongozi hatujamwandikia. Mwalimu anaona tungempa tu zile tarakimu, zitatusaidia kupata ruhusa ya maandishi ya mtaro, na huenda yuko sahihi kuhusu ruhusa. Nimekataa. Kaskazi ikirudi Desemba ufukwe utajaa tena, na karatasi yenye sahihi yangu itakuwa kwenye faili lake, ambalo bila shaka hilo litaonekana.

Kuanzia leo hesabu kuu inahamia mtaroni. Kila baada ya mvua, kona ya kulia, kabla maji ya bahari hayajarudi kuingia mtaroni wakati wa kujaa. Ufukwe tutaupima mara mbili kwa mwaka, kaskazi moja na kusi moja, vipande vyote viwili siku moja, na jumla ndiyo itaandikwa. Matobo mawili ya wavu yanahitaji kushonwa. Babu atakuja na sindano yake ya nyavu.

Kuna jambo moja halijapata mwenyewe. Vijana wa makopo sasa wanapita kwenye kizuizi kila asubuhi bila kuitwa, kwa sababu chupa zinawasubiri mahali pamoja badala ya wao kuzifukuza mtaa kwa mtaa. Chupa zinaondoka. Vilivyobaki vinapangwa ukutani. Leo kijana mkubwa ameniuliza pampasi ampelekee nani. Viko viroba tisa pale, vimefungwa mdomo, inzi juu yake, na gari la taka limesema Jumatatu. Jumatatu iliyopita pia lilisema Jumatatu.